Kunguru wa India na Historia ya Taka Jijini Dar es Salaam: Kivukoni na Kariakoo, 1891–2024

1. Utangulizi

Historia ya wanyamapori wa Tanzania imeandikwa kwa sehemu kubwa kutokea mbugani. Sheria ya uwindaji iliyotolewa na Gavana Hermann von Wissmann mwaka 1896, kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti mwaka 1951, na tamko la uhifadhi ambalo Julius Nyerere alilitoa Arusha mwezi Septemba 1961 ndiyo matukio yaliyopewa uzito na waandishi wengi. Mji umeachwa kando, kana kwamba mnyamapori hukoma pale nyumba zinapoanzia. Mtazamo huo una upungufu, kwa sababu kiumbe wa porini ambaye mkazi wa Dar es Salaam hukutana naye kila siku si tembo wala simba. Ni kunguru.

Insha hii inamchunguza kunguru wa India (Corvus splendens), ndege mweusi mwenye shingo ya kijivu, katika kata mbili za katikati ya jiji: Kivukoni, yenye kivuko cha kwenda Kigamboni na soko la samaki la Feri, na Kariakoo, yenye soko kuu la vyakula. Hoja inayotetewa ni kwamba historia ya kunguru huyu haiwezi kutenganishwa na historia ya taka. Aliletwa katika pwani ya Afrika Mashariki ili afanye kazi ambayo ingehitaji mishahara na mikokoteni. Akastawi zaidi kadiri jiji lilivyoshindwa kuzoa taka zake. Na kampeni za kumwangamiza zimeshindwa kuleta matokeo ya kudumu kwa sababu zilimshughulikia ndege zikaiacha meza aliyoandaliwa.

Uchunguzi unaanzia mwaka 1891, pale utawala mpya ulipojengwa Zanzibar na Dar es Salaam kwa wakati mmoja, na unaishia mwaka 2024, ambapo nchi jirani ya Kenya ilitangaza upya vita dhidi ya ndege huyo.

2. Mtumishi asiyelipwa: Zanzibar na bandari nyingine

Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Mwezi Oktoba 1891, mwakilishi wa Uingereza, Gerald Portal, aliiondoa hazina mikononi mwa Sultani Ali bin Said na kumweka Lloyd Mathews kuwa waziri wa kwanza wa serikali iliyopangwa upya. Serikali hiyo ilirithi mji wenye nyumba zilizosongamana, vichochoro vyembamba na ufuko uliokuwa ukitumika kama jaa. Ni katika miaka hiyo ya mwanzo ya 1890, wakati wa Portal, ambapo kunguru waliagizwa kutoka India na kuachiliwa mjini ili wasaidie kusafisha uchafu.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake. Katika miji ya India, kunguru huyu alikuwa ameonekana kwa vizazi vingi akiokota matumbo ya samaki, mizoga ya panya na makombo ya jikoni. Kuzoa taka kwa watu na mikokoteni kulihitaji mishahara ya kila mwezi; kunguru hakudai chochote. Kwa hiyo, ndege aliingia katika mpango wa usafi wa mji kama badala ya mfanyakazi. Hili ni jambo la msingi kwa mjadala unaofuata: tangu siku ya kwanza, kuwapo kwake kulikuwa dalili ya huduma isiyokuwapo.

Zanzibar haikuwa peke yake. Huko Klang, katika Malaya, kunguru hao waliletwa kutoka Ceylon katika miaka ya 1890 ili wale viwavi waliokuwa wakishambulia mashamba ya kahawa. Kwingineko hakuna aliyewaalika. Kunguru wa India ni msafiri wa melini: hutua juu ya meli bandarini, hulishwa mabaki na mabaharia, na hushuka kwenye bandari inayofuata. Kwa njia hiyo, alifika Durban katika miaka ya 1970, na mwaka 1994 alionekana Hoek van Holland nchini Uholanzi, mbali kabisa na joto la nchi zake za asili. Ramani ya kuenea kwake ni ramani ya biashara ya bahari.

Mambo matatu ya kibayolojia yanaeleza mafanikio yake. Kwanza, hula karibu kila kitu, kuanzia nafaka na matunda hadi mayai, vifaranga na mizoga. Pili, jike hutaga kwa kawaida mayai matatu hadi matano, na makinda hulelewa karibu na watu, mahali ambapo wawindaji wengi wa porini hawafiki. Tatu, aliwaacha nyuma baadhi ya maadui wake. Katika Asia ya Kusini kuna ndege aitwaye koeli, ambaye hutaga mayai yake katika viota vya kunguru huyu na kumwachia mzigo wa kulea makinda yasiyo yake. Koeli hakupandishwa melini pamoja naye. Zaidi ya hayo, kunguru wa India hajulikani kuishi mbali na makazi ya binadamu. Pasipo na watu, naye hayupo.

Wenyeji wa pwani walikuwa na msemo kuhusu jamii ya ndege hawa: kunguru hafugiki. Msemo huo hutumika zaidi kumsema mtu asiyetulia mahali pamoja, lakini umebeba pia maarifa ya watu waliomtazama kunguru wa asili kwa muda mrefu. Maofisa wa Zanzibar walikusudia kumtumia ndege ambaye hatumiki. Kufikia mwaka 1917, yaani katika muda wa kizazi kimoja tu, aliyeletwa kama msaidizi alikuwa ameshatambuliwa rasmi kuwa msumbufu.

3. Mji ulioandaliwa: Kivukoni na Kariakoo chini ya wakoloni

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860. Mwaka 1891, Wajerumani walihamishia hapo makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo. Kanuni zao za ujenzi zilianza kuugawa mji kwa viwango vya nyumba, na mgawanyo huo ulikomaa kuwa mgawanyo wa rangi: Uzunguni upande wa mashariki, karibu na bahari, eneo la biashara la Wahindi katikati, na makazi ya Waafrika upande wa magharibi, ng'ambo ya uwanda wa Mnazi Mmoja. Makazi hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiweka hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Huduma za usafi zilifuata mgawanyo huohuo. Barabara za Uzunguni zilifagiliwa na taka zake kuzolewa kwa utaratibu. Kariakoo ilipata kilichobaki. Hata hivyo, chakula cha mji mzima kilipita mahali pamoja na kinyume cha utaratibu huo. Samaki walishushwa kandokando ya mlango wa bandari, hatua chache kutoka kwenye ofisi za serikali, na mazao ya shambani yaliuzwa Kariakoo, ambako soko lilikuwa limekwisha kushika mizizi katika miaka ya 1920. Hivyo, vyanzo viwili vikubwa vya mabaki vilikaa kwenye ncha mbili za mji mdogo ambao kunguru angeweza kuuvuka kwa dakika chache.

Miti nayo ilikuwa imemtangulia. Mwaka 1893, chini ya Franz Stuhlmann, Wajerumani walianzisha bustani ya mimea katika eneo ambalo leo liko ndani ya mipaka ya Kivukoni, wakajaribu humo mimea kutoka nchi mbalimbali. Miti mingine ya kigeni ilikuwa imefika pwani kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Mwarobaini, mwembe na mkungu, miti ambayo mkazi wa Dar es Salaam huiona kuwa ya kwao, yote ina asili ya Asia. Kunguru alipovuka kutoka Unguja na kuenea pwani ya bara, aliikuta miti ya nyumbani kwao ikimsubiri. Mombasa alionekana mwishoni mwa miaka ya 1940, na katika nusu ya pili ya karne ya 20 alikuwa amekuwa ndege wa kawaida kabisa wa Dar es Salaam. Majina aliyopewa yanaonyesha kwamba watu walijua ametoka nje: bara aliitwa kunguru wa Zanzibar, na sehemu za pwani ya Kenya huitwa kurabu, ili asichanganywe na kunguru wa asili mwenye kifua cheupe (Corvus albus).

4. Jiji lililozidiwa na taka zake

Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu takriban 273,000. Mwaka 2012 walihesabiwa 4,364,541, na mwaka 2022 walifika 5,383,728. Ukuaji huo pekee ungetosha kuulemea mfumo wowote wa uzoaji taka. Lakini ulikwenda sambamba na mabadiliko ya kiutawala ambayo hayajapewa uzito unaostahili katika historia ya mazingira ya jiji.

Katika mpango wa madaraka mikoani ulioanza mwaka 1972, serikali za miji zilifutwa na majukumu yake kuhamishiwa kwa mamlaka za mikoa. Zilirudishwa mwaka 1978, baada ya hali ya miji kuzorota, ila zilirudi katika kipindi cha uhaba wa mafuta, vipuri na fedha za kigeni. Gari la taka lililoharibika lilibaki limeegeshwa. Wakati huohuo, uwezo wa jiji wa kuzalisha mabaki uliongezeka: soko jipya la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na msongamano wa wachuuzi pembezoni mwake ukakua mwaka hadi mwaka.

Kielelezo cha wazi cha mgogoro huo ni shauri la Tabata. Kwa miaka mingi, Halmashauri ya Jiji ilimwaga taka Tabata, eneo la makazi. Mwaka 1988 wakazi waliishtaki Halmashauri, na Mahakama Kuu ikaamua kwamba ikome kulitumia eneo hilo kama jaa na itafute mahali pasipohatarisha afya za watu. Halmashauri iliomba muda zaidi ya mara moja, na jaa lilipohamishwa hatimaye liliibua malalamiko mengine kule lilikopelekwa. Wanasheria hulikumbuka shauri hilo kama hatua muhimu katika haki ya mazingira. Kwa mwanahistoria, linathibitisha jambo jingine: katika miaka ambayo kunguru waliongezeka sana, jiji halikuwa na mahali pa halali na pa uhakika pa kupeleka uchafu wake.

Hatua za kurekebisha zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1994 uzoaji wa taka katika kata kumi za katikati ya jiji ulikabidhiwa kwa mkandarasi binafsi. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na Tume ya Jiji hadi mwaka 2000, ambapo manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke ziliundwa. Huko Kivukoni, soko jipya la samaki lilijengwa kwa msaada wa serikali ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, likiwa na sehemu maalumu za mnada, za kuparia samaki na za kukaangia. Maboresho hayo yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, yalilenga kuiondoa taka machoni pa watu mchana, na si lazima kuizuia isifikiwe na ndege alfajiri. Pipa lisilo na mfuniko, lililojaa matumbo ya samaki, ni safi kwa mkaguzi na ni karamu kwa kunguru.

5. Gharama na walioilipa

Gharama ya kwanza ililipwa na ndege wengine. Kunguru wa India hupora mayai na makinda kwenye viota, na hufanya hivyo kwa kushirikiana: mmoja humchokoza mzazi, mwingine huiba. Chozi, mnana na shorewanda, ambao viota vyao viko katika bustani na miti ya barabarani, hawana kinga dhidi ya mbinu hiyo. Kunguru wa asili naye, ingawa ana umbo kubwa zaidi, amesukumwa nje ya maeneo mengi ya mji kwa wingi wa mgeni.

Gharama ya pili ililipwa na kaya. Familia iliyofuga kuku wachache uani ilipoteza vifaranga mchana kweupe. Mama lishe na muuza samaki walilazimika kulinda bidhaa zao, na aliyeanika dagaa juu ya mkeka alihitaji mtoto wa kukaa nao. Kunguru hutoka jaani akatua juu ya meza, na vimelea vya maradhi huweza kusafiri naye. Hasara hizi ni ndogo zikitazamwa moja moja. Hazikuandikwa katika ripoti za mapato, na huwaangukia zaidi watu wasio na ukuta, dirisha la wavu wala jokofu.

Hapa panajitokeza mwendelezo na zama za ukoloni. Aliyefaidika na kunguru, kama kweli yupo aliyefaidika, ni utawala ulioahirisha matumizi. Aliyelipa ni mkazi ambaye hakuulizwa.

6. Vita na kunguru

Majaribio ya kumpunguza ndege huyu yanatoa ushahidi wa moja kwa moja kwa hoja ya insha hii. Zanzibar, kati ya mwaka 1990 na 1995, kampeni iliyofadhiliwa na Finland iliangamiza zaidi ya kunguru 40,000, na idadi yao ikashuka kwa kiasi kikubwa. Ufadhili ulipokoma, mitego ikaachwa, na waliosalia wakazaana tena.

Dar es Salaam, Chama cha Kuhifadhi Wanyamapori Tanzania (WCST), kilichoanzishwa mwaka 1988, kiliongoza kazi hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa vizimba vikubwa vya wavu vyenye uwazi juu: kunguru hai huwekwa ndani kama chambo, wenzake huingia kumfuata na kushindwa kutoka. Ya pili ilikuwa sumu ijulikanayo kama DRC-1339, iliyobuniwa Marekani kwa ajili ya ndege waharibifu wa mashamba ya mifugo. Huwekwa kwenye vipande vya nyama. Huharibu figo za kunguru polepole, na kwa kuwa huvunjikavunjika upesi mwilini, hatari kwa anayekula mzoga hupungua. Ndege huanguka mbali na chambo, saa nyingi baadaye, hivyo wenzake hawatambui kilichowaua. Hilo ni muhimu kwa kiumbe mwenye akili inayokumbuka mtego na sura ya aliyeutega. Njia hizi ziliua ndege wengi sana. Hata hivyo, kunguru hawajatoweka Feri wala Kariakoo.

Kenya ilipitia mzunguko uleule. Sumu hiyohiyo ilitumika katika miji ya pwani kama Malindi na Watamu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikasitishwa, na mwezi Juni 2024 mamlaka ya wanyamapori ilitangaza lengo la kuua kunguru milioni moja kabla mwaka haujaisha.

Nchi mbili za kisiwani zinasaidia kulinganisha. Ushelisheli iliwaangamiza kunguru wachache walioingia mwaka 1977, na kazi ilikamilika mwaka 1994. Ilifaulu kwa sababu ilianza wakiwa wachache. Singapore, ambako walikwisha kuwa wengi, iliunganisha upunguzaji wa ndege, uondoaji wa viota na udhibiti mkali wa mabaki ya chakula, na idadi ikashuka sana katika miaka ya 2000. Dar es Salaam imeikosa nafasi ya Ushelisheli kwa zaidi ya nusu karne. Imebakiwa na njia ya Singapore, nayo inahitaji kuwaunganisha afisa wanyamapori na afisa afya wa soko, watu ambao kwa kawaida hukaa katika idara tofauti na bajeti tofauti.

Upo upinzani unaostahili kujibiwa. Huweza kusemwa kwamba kunguru, hata akiwa msumbufu, huondoa uchafu ambao serikali haiuondoi, na kwamba kumwondoa kabla ya kurekebisha huduma kutazidisha nzi na panya. Hoja hii ni nzito kuliko inavyodhaniwa, kwani ndiyo hoja ya Portal mwenyewe. Udhaifu wake ni kwamba kunguru hapunguzi taka kwa kiwango kinacholingana na anavyoongezeka: huchagua kilicho bora, hutawanya kilichobaki, na hurudisha sehemu yake juu ya mapaa na visima. Mfano wa Kampala, ambako korongo aina ya marabu, ndege wa asili wa Afrika, hushinda majalalani kwa wingi, unaonyesha pia kwamba tatizo si ugeni wa ndege peke yake. Taka iliyoachwa wazi itampata mlaji.

7. Tausi na kunguru

Kivukoni inatoa ulinganisho mmoja ambao hauwezi kupuuzwa. Ndani ya kata hiyohiyo, katika viwanja vya Ikulu ya Magogoni, wamefugwa tausi kwa miongo mingi. Tausi hao wa buluu, kama kunguru, wana asili ya India. Nao pia walifikishwa hapa na mkono wa binadamu. Mwaka 2020 baadhi yao walihamishiwa Ikulu ya Chamwino mkoani Dodoma, na Rais John Magufuli akawazawadia marais wastaafu tausi kama heshima ya utumishi wao.

Ndege wawili kutoka nchi moja wanaishi umbali wa mwendo mfupi wa miguu: mmoja ni zawadi ya taifa, mwingine ametiliwa sumu. Tofauti yao kiekolojia ni kubwa, kwa kuwa tausi hakuenea mitaani wala hapori viota vya mnana. Lakini tofauti hiyo nayo ina sababu za kihistoria. Tausi alipewa uzio, chakula na mtunzaji. Kunguru alipewa jaa, akaambiwa ajitegemee. Kila mmoja amekuwa vile alivyowekwa.

8. Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kunguru wa India aliingia Afrika Mashariki kama nyenzo ya utawala, akafuata miji iliyokuwa na miti ya kwao na mabaki yasiyozolewa, na akafikia wingi wake wa sasa katika miongo ambayo serikali ya jiji ilifutwa, ikarudishwa bila zana, na ikashtakiwa na wananchi wake kwa sababu ya jaa. Kampeni za kumuua zilipunguza idadi kwa muda, na hakuna hata moja kati ya zilizojadiliwa kwa Zanzibar, Dar es Salaam na Kenya iliyodumu baada ya fedha zake kwisha.

Matokeo ya hoja hii ni ya kiutendaji pia. Kipimo cha mafanikio kisiwe hesabu ya mizoga iliyokusanywa, bali kiasi cha mabaki ya samaki na mboga kinacholala wazi Feri na Kariakoo kila usiku. Kwa watafiti, insha inapendekeza kwamba kumbukumbu za afya, za masoko na za mashauri ya mahakama zisomwe kama vyanzo vya historia ya wanyamapori, sambamba na zile za hifadhi. Zaidi ya miaka 130 baada ya kunguru wa kwanza kuachiliwa Unguja, kazi aliyoletewa bado haijapata mwenye kuifanya.